Kopo la Shilingi Moja na Peni Moja na Nusu

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi moja asubuhi mjini Morogoro, mbele ya wazazi wa watoto wenye pumu ya ngozi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa ajili ya wale waliokosa kufika.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyinyi mliokuja na watoto mgongoni, maana najua usiku wa jana ulikuwaje kwenu.

Naujua kwa kuwa nami nimeukesha. Mwanangu wa pili alianza kuwashwa akiwa na miezi minne. Mashavu yalikauka yakawa kama msasa, kisha yakachanika na kutoa majimaji. Alipopita mwaka, ugonjwa ukahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kila jioni nilimvalisha soksi mikononi, na kila usiku wa manane nilikuta amezivua kwa meno. Asubuhi shuka lilikuwa na vidoa vya damu, vidogo vidogo, safu kwa safu, pale alipojikuna.

Mimi ni mfamasia. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa kazini. Siku moja nikiwa stendi nasubiri basi, mama mmoja akamtazama mtoto, akanihurumia, akanielekeza kwa kijana anayeuza mafuta ya pumu ya ngozi. Kilikuwa kikopo cheupe cha plastiki chenye kifuniko cha bluu, hakina jina wala maandishi yoyote. Nikamuuliza kuna nini ndani. Akanijibu, "Dada, we paka tu, utakuja kunishukuru." Nikanunua. Siku ya tatu ngozi ya mwanangu ilikuwa laini, akalala usiku kucha, na mimi nikalia kwa furaha.

Yaliyofuata nitayasema tukifika mbele. Ninachotaka mjue sasa ni kwamba nilisomea dawa, nikafaulu mitihani ya dawa, na bado nilimpaka mwanangu kitu nisichokijua. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za watu waliouza dawa za siri za ngozi zamani, na za wazazi walionunua. Leo nataka niwasimulie.

Twende Uingereza na Marekani, miaka ile ya mwanzo wa karne ya 20, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Daktari wa wakati huo alikuwa na vitu vichache vya kumpa mtoto mwenye ukurutu, yaani ugonjwa huu huu tunaouita pumu ya ngozi. Alikuwa na pasta nzito ya zinki na wanga aliyoitunga Oskar Lassar wa Berlin. Alikuwa na lami ya makaa ya mawe, nyeusi, yenye kunuka, ambayo kwa kweli hupunguza muwasho. Na alikuwa na vitambaa. Mtoto mchanga mwenye ukurutu wa usoni alivishwa barakoa ya kitambaa kilichopakwa dawa, imetobolewa macho, pua na mdomo, halafu viwiko vyake vikafungwa vipande vya kadibodi ili mikono isikunjike ikafika usoni. Kila ninapowaza mtoto yule aliyelala mikono imenyooka kama fimbo, nakumbuka soksi zangu.

Sasa mzazi huyo akifungua gazeti, anakutana na maneno mengine kabisa. Cuticura ya Boston iliuza vitu vitatu kwa pamoja: sabuni ya kuogea, marhamu ya kupaka, na dawa ya kunywa ya kusafisha damu. Matangazo yake yaliahidi nafuu ya papo hapo kwa mtoto na mapumziko kwa mama aliyechoka. Angalieni walivyolenga! Walizungumza na uchovu wa mama. Kanada kulikuwa na marhamu ya Dr. Chase, na Leeds kulitoka Zam-Buk, mafuta ya kijani yaliyosifiwa kwa ukurutu, majeraha, bawasiri na kila kilichoota juu ya ngozi. Nyingine jina lenyewe lilitengenezwa kwa kukata na kuunga neno la Kiingereza la ukurutu, eczema: Antexema kule Uingereza, Zemo kule Marekani. Mwaka 1914 mfamasia mmoja wa Baltimore, George Bunting, alianza kuuza krimu yake ya ngozi iliyoungua jua, na kampuni ilikuja kusimulia kwamba mteja alirudi akasema krimu ile imeupiga ukurutu wake ukaanguka. Likazaliwa jina Noxzema. Jina tu lilikuwa limeshatoa ahadi kabla mtu hajafungua kifuniko.

Watu waliziita dawa hizi kwa neno lenye maana ya dawa zenye hataza, yaani zilizosajiliwa kama uvumbuzi. Ukweli ni kwamba nyingi hazikuwa na hataza yoyote. Hataza ina sharti: mvumbuzi lazima aeleze hadharani alichotengeneza na namna anavyokitengeneza, na baada ya miaka kadhaa kila mtu anaruhusiwa kukitumia. Wenye dawa hizi hawakutaka hata kidogo kueleza. Walichosajili ni jina na picha ya kwenye kopo, nembo ya biashara basi, ambayo hudumu vizazi na vizazi. Viambato vilibaki siri ya nyumba.

Kule Uingereza kulikuwa na jambo jingine lililowachanganya watu. Dawa ya aina hii ililipiwa ushuru, na ushahidi wa ushuru ulikuwa stempu ya serikali iliyobandikwa juu ya kifuniko, ukaichana wakati wa kufungua. Dawa ya shilingi moja ilitozwa ushuru wa peni moja na nusu, ndiyo maana bei iliyozoeleka madukani ikawa shilingi moja na peni moja na nusu. Mnunuzi aliiona ile stempu akaamini kwamba serikali imeipima dawa na kuipitisha. Baadaye hata yaliongezwa maneno juu ya stempu kwamba haimaanishi dhamana ya serikali. Lakini nani anasoma maandishi madogo ya stempu wakati mtoto analia?

Hiyo bei tuitazame kidogo, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Shilingi moja ilikuwa peni 12. Familia nyingi za vibarua wa London ziliishi kwa kama pauni moja kwa wiki, yaani shilingi 20, na humo humo mna kodi ya nyumba, makaa, mkate na kila kitu. Kopo moja la mafuta lilikula zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya fedha ya wiki nzima. Mwaka 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilinunua dawa hizi madukani, kikazipeleka kwa mkemia, kikachapisha matokeo katika kitabu kilichoitwa Secret Remedies, yaani dawa za siri. Kwa kila dawa kiliandika mambo mawili: kuna nini ndani, na viambato hivyo vingegharimu kiasi gani vikinunuliwa kwa kawaida. Mfano ninaoupenda hauhusu ngozi, ni wa vidonge vya Beecham, lakini hesabu yake inatufaa. Ndani ya kisanduku cha vidonge 56 mlikuwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Viambato vyote vilithaminiwa nusu ya fathingi, yaani sehemu moja ya nane ya peni. Kisanduku kiliuzwa peni 13 na nusu. Ni mara 108.

Na yale mafuta ya ngozi je? Zam-Buk ilipochunguzwa ilikutwa kuwa mafuta ya mgando, utomvu wa msonobari, mafuta ya mkaratusi na rangi ya kijani. Basi. Resinol ya Baltimore, iliyotungwa na daktari mmoja mnamo 1895, ilikuwa na zinki na risosinoli, vitu ambavyo kweli vinatuliza ngozi, na kuna maduka yanayoiuza mpaka leo. Sitaki kuwadanganya kwamba makopo yale yote yalijaa sumu. Mengi yalikuwa na mafuta ya mgando kwa wingi, na mafuta ya mgando ni dawa nzuri ya ngozi kavu. Nawaambia hapa kila mara. Ila ulilipia siri, na siri yenyewe ilikuwa kitu ambacho duka la jirani lingekupimia kwa senti.

Upande wa dawa za kunywa mambo yalikuwa mazito zaidi. Watu waliamini kwamba ukurutu ni damu chafu inayotafuta pa kutokea. Wangapi hapa mmeambiwa mtoto wenu asafishwe damu? Naona mikono. Imani ile ile. Mji wa Lincoln, Uingereza, kulikuwa na dawa maarufu sana ya kusafisha damu, Clarke's Blood Mixture, iliyoanzishwa na mkemia aliyefika hadi kuwa meya wa mji. Kiambato chake kikuu kilikuwa iodidi ya potasiamu. Wenzangu wa famasia wanajua kinachofuata: iodidi ya potasiamu ikinywewa muda mrefu yenyewe inaweza kutoa vipele mwilini. Mtu anakunywa dawa ya vipele, vipele vipya vinatoka, anaambiwa uchafu ndio huo unatoka, ongeza chupa.

Na lazima niseme ukweli kuhusu upande wetu pia, sisi watu wa makoti meupe. Kulikuwa na maji ya aseniki, ambayo ni sumu, yaliyoitwa mchanganyiko wa Fowler. Thomas Fowler, daktari wa Stafford, aliyatangaza mwaka 1786 baada ya kuiga matone ya siri ya homa yaliyokuwa yakiuzwa siku zile. Yaani dawa ya siri ikaingia kwenye vitabu vya madaktari, wakaiandika kwa magonjwa ya ngozi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1887 daktari Jonathan Hutchinson wa London aliwaonyesha wenzake wagonjwa waliokunywa aseniki miaka mingi: viganja na nyayo zimeota sugu ngumu, na juu ya sugu zile saratani. Hata baada ya hapo iliendelea kuandikwa. Kwa hiyo ninapowasema wauza makopo sijifanyi kwamba hospitali zilikuwa safi. Tofauti ni kwamba maji ya Fowler yalikuwa na jina, yalijulikana yana nini na kiasi gani, ndiyo maana Hutchinson aliweza kuunganisha sugu na chupa. Angeunganishaje kama chupa haisemi kitu?

Sasa swali ambalo mama mmoja aliniuliza kwa simu juzi, na nimelifikiria sana. Aliniambia, "Lakini dada, mbona watu walitoa ushuhuda? Waliandika majina yao na mitaa yao kwenye gazeti. Wote waongo?"

Hapana, mama. Wengi walisema kweli walivyoona. Na hili ndilo jambo ninalotaka mlibebe mkirudi nyumbani, mkisahau mengine yote. Pumu ya ngozi huja na kuondoka yenyewe. Inawaka wiki mbili, inatulia mwezi, inarudi na vumbi, inapoa na mvua, inarudi na jasho au na meno ya mtoto. Na watoto wengi hupata nafuu kubwa kadiri wanavyokua, hata usipowapaka chochote. Sasa wewe unanunua dawa lini? Huinunui siku ngozi imetulia. Unainunua siku mbaya kuliko zote, siku mtoto amejikuna mpaka damu. Baada ya siku mbaya kuliko zote, siku inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa afadhali. Yeyote aliyesimama karibu wakati ugonjwa unaondoka ndiye anayepewa shukrani: mwenye kopo, mganga, shangazi aliyeleta majani, hata mimi mfamasia. Shukrani ni ya kweli kabisa, na machozi ya mama ni ya kweli. Aliyeondoa ugonjwa si lazima awe yule anayeshukuriwa.

Wenye makopo waliijua tabia hii ya ugonjwa vizuri. Mama ambaye mtoto wake alipona aliandika barua, ikachapishwa. Mama ambaye mtoto wake hakupona hakuandika, alinunua kopo la jina jingine. Gazetini unasoma barua za waliopona peke yake, safu nzima. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi zilijitembeza kila ukurasa.

Kuhusu barua kuna jambo linaloniuma zaidi ya bei. Makampuni mengi ya Marekani yaliwaalika wagonjwa waandike, waeleze ugonjwa wao kwa kirefu, wajibiwe bure na daktari wa kampuni. Watu wakamimina siri zao: vidonda vya mahali pa aibu, watoto, ndoa. Zikishatumika, barua zile zilikodishwa na kuuzwa kwa maelfu kupitia madalali, zimepangwa kwa ugonjwa, ili kampuni nyingine nayo ipate watu wa kuwaandikia. Mama aliyeeleza habari za mwanawe kwa kumwamini mtu mmoja aliishia kuwa bidhaa sokoni.

Magazeti yalikuwa wapi? Yalikuwa yanakula humo humo. Mwaka 1905 jarida la Collier's lilitoa makala za Samuel Hopkins Adams zilizofichua biashara hii, na siku zile zile ikafichuliwa mikataba ya matangazo yenye kifungu cha ajabu: jimbo likipitisha sheria ya kuwabana wauza dawa, mkataba unakufa. Mwenye gazeti akisikia mswada umepelekwa bungeni, anajua fedha yake ya mwaka inakwenda. Hata kile kitabu cha madaktari wa Uingereza cha 1909, kilichouzwa nakala zaidi ya laki moja, kuna magazeti yaliyokataa kukitangaza.

Sheria ilikuja kwa kuchechemea. Marekani walipitisha yao tarehe 30 Juni 1906. Iliamuru lebo itaje pombe, kasumba, mofini, kokeini, heroini, bangi, klorofomu na vichache vingine. Aseniki haikuwamo. Zebaki haikuwamo. Kwa mtoto wa ukurutu, hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vya kuogopwa. Mwaka 1911 mahakama kuu yao ikaamua kwamba sheria inakataza kudanganya juu ya kilichomo tu, haikatazi kudanganya juu ya kile dawa inachoponya. Mwaka uliofuata wakaiongeza meno, lakini ikabidi serikali ithibitishe kwamba muuzaji alikusudia kulaghai. Ilichukua msiba wa 1937, dawa moja ya maji iliyoua watu zaidi ya 100, ndipo sheria ya 1938 ikawa na nguvu. Uingereza nako kamati ya bunge ilikaa miaka miwili ikihoji kila mtu, ikakamilisha ripoti nzito, na ripoti ikatoka tarehe 4 Agosti 1914. Siku hiyo hiyo nchi ikaingia vitani. Mnaweza kuwaza nani aliisoma.

Turudi kwenye ugonjwa wetu. Mwaka 1923 madaktari wawili wa New York, Coca na Cooke, walitunga neno atopi kwa ajili ya pumu na mafua ya chavua, kwa kuwa waliona yanafuatana katika familia moja. Miaka kumi baadaye, 1933, Wise na Sulzberger wakauunganisha na ukurutu wa aina hii. Kiswahili chetu cha mtaani kinauita pumu ya ngozi, na undugu ule umo ndani ya jina. Kila ninapoandika jina hili kwenye kadi ya mtoto ninajivunia lugha yetu. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, wakaonyesha kwamba watoto wengi wa namna hii wamezaliwa na hitilafu katika jeni inayotengeneza protini ya kuziba ngozi. Ukuta una nyufa, maji yanatoka, vumbi na sabuni vinaingia. Damu haina uchafu wowote, mama zangu.

Na Sulzberger huyo huyo, mwaka 1952, yeye na mwenzake Witten walionyesha kwamba haidrokotisoni ikipakwa inatuliza ukurutu. Ndiyo mwanzo wa krimu za steroidi, msaada mkubwa kuliko wote tulioupata, na mtoto anayeihitaji msimnyime kwa kuogopa maneno ya watu. Inapakwa kwa kipimo, kwa siku zilizotajwa, ya nguvu inayofaa mahali panapopakwa.

Sasa kikopo changu cha kifuniko cha bluu. Nilipaka wiki tano. Kikaisha, na yule kijana stendi hakuonekana tena. Siku ya nne ngozi ya mwanangu ililipuka, mbaya kuliko mwanzo, mpaka kope za macho. Nilipomvua nguo nikaona kitu ambacho furaha ilikuwa imenizuia kukiona: kwenye mapaja ngozi ilikuwa imekuwa nyembamba, inang'aa, mishipa inaonekana, na imeanza kuchora mistari. Zilikuwa dalili za steroidi kali, aina ambayo mimi mwenyewe dirishani huwa siitoi kwa mtoto mchanga bila kumwita daktari. Niliipaka mara mbili kwa siku, hata kwenye mashavu, kwa wiki tano, kwa mikono yangu hii. Mwanangu leo yuko sekondari, ngozi yake ni nzuri, lakini mistari ya mapajani ipo.

Makopo ya zamani mengi yalikuwa na vitu hafifu vilivyouzwa kama miujiza. Ya leo yana dawa ya kweli, yenye nguvu, iliyofichwa jina. Mimi naona haya ya leo ni ya hatari zaidi, kwa sababu yanafanya kazi haraka mno na mzazi hana sababu ya kushuku.

Kwenye tangazo niliomba kila mmoja aje na kile anachompaka mtoto, hata kama ni majani kwenye mfuko, hata kama anaona aibu. Vileteni mezani hapa. Vyenye lebo tutavisoma pamoja, neno kwa neno. Visivyo na lebo viwekwe upande huu, na msiviache ghafla leo. Tutaongea mmoja mmoja namna ya kumtoa mtoto taratibu. Yule mama mwenye kitenge cha njano, naona umeshika kikopo kwenye kiganja. Karibu, tuanze na wewe.